Picha Zichezazo na Maandishi Yaliyotulia
Wajenzi wa tovuti walipoipokea Flash, iliyotolewa mwaka 1996, baadhi yao walihukumu kwamba ukurasa usiocheza ni ukurasa uliokufa. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Katika elimu ya sauti, hapana budi kukiri, mchezo huo ulikuwa na faida: Chuo Kikuu cha Iowa kiliutumia kuonyesha mwendo wa ulimi katika matamshi ya Kiingereza, Kijerumani na Kihispania, jambo ambalo mchoro uliotulia hauwezi kulieleza sawasawa. Lakini kamusi yataka nini kwa mapambo hayo? Maneno yaliyotiwa ndani ya Flash yalikuwa kama yaliyofungiwa sandukuni. Bila programu yake maalumu hayakusomeka, na mitambo ya utafutaji iliyapata kwa shida. Adobe ilipoacha kuitunza programu hiyo mwishoni mwa 2020, sanduku likabaki bila ufunguo (ila kwa wachache wenye ustadi). Kumbe kurasa za HTML zilizoandikwa CERN mwanzoni mwa miaka ya 1990, kavu na zisizo urembo, zasomeka hata leo. Katika kamusi ya Kiswahili, picha ya ulimi utamkapo dh au gh na iwekwe kando; neno lenyewe na maana yake visitiwe ndani yake.