Mzigo na Hati

Katika mji wa Malaba, penye mto wa jina hilo utenganishao Kenya na Uganda, mizigo ndiyo maisha ya watu. Malori yatokayo Mombasa hupanga mstari mrefu yakingoja ruhusa ya kuvuka. Kusini yake, katika Busia, waume kwa wake huvusha mahindi, samaki na nguo kwa kichwa, kwa mkokoteni na kwa baiskeli. Mkaaji wa huko hahitaji kufundishwa maana ya mzigo, wala maana ya hati ya kuvukia. Kwa sababu hiyo naamini kijana wa mpakani aweza kukisoma kitabu kimoja cha kale cha Uingereza kwa macho makali kuliko wasomaji wengi wa kwao.

Kitabu hicho ni The Pilgrim's Progress cha John Bunyan, kilichotolewa mwaka 1678, na ambacho baadaye kilifasiriwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba masufuria. Alikaa gerezani miaka 12, tangu 1660 hata 1672, kwa kuwa hakukubali kuacha kuhubiri katika mikutano isiyo na idhini ya serikali.

Hadithi yake ni nyepesi kueleza. Mtu aitwaye Mkristo aondoka kwao na mzigo mgongoni, nao ni dhambi zake. Bwana mmoja mwenye hekima ya dunia amshauri aende kwa Bwana Sheria, ambaye ni hodari wa kuwatua watu mizigo. Mkristo ashika njia hiyo, lakini kadiri aendavyo mzigo wazidi uzito, na mlima ulio juu yake waonekana kutaka kumwangukia. Mwisho afika msalabani. Hapo mzigo wafunguka wenyewe, waporomoka, waingia kaburini, wala hauonekani tena. Hakuufungua yeye, wala hakumlipa mchukuzi. Kisha apewa hati yenye muhuri, aitoe katika lango la Mji wa Mbinguni.

Fundisho ni lile ambalo Paulo aliwaandikia Waefeso: wokovu ni kipawa kipokewacho kwa imani, si ujira wa kazi, ili asiwepo wa kujisifu. Ndilo waliloshika pia watu wa uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Kenya.

Lakini sisi tumelelewa kwa methali nyingine. Mchumia juani hulia kivulini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Je, Bunyan afundisha uvivu? Hasha. Yafaa kutazama mahali alipouangusha mzigo: si mwisho wa hadithi, bali karibu na mwanzo. Mlima wa Taabu, vita na yule adui wa kutisha, na gereza la jitu, vyote vyaja baadaye. Mkristo hatoki jasho ili mzigo uanguke. Atoka jasho kwa kuwa umeanguka, na sasa aweza kupanda. Huu ndio ustadi mkubwa wa kitabu.

Msomaji wa Malaba ataelewa upesi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva walilala barabarani siku nyingi wakingoja majibu ya vipimo. Walikuwa wameendesha usiku na mchana. Walakini uchovu wa dereva haugongi muhuri.

Ndipo tuje kwa Mjinga, mtu wa mwisho katika kitabu. Mjinga alilipa madeni yake, alisali, alifunga, alitoa zaka na sadaka. Mtoni alivushwa kwa mashua na mtu aitwaye Tumaini Tupu, bila ya kulowa. Husimuliwa kuwa jina la bodaboda lilizaliwa katika mpaka huu miaka ya 1960, baiskeli zilipochukua abiria baina ya kituo na kituo. Kila aliyepanda alijua kwamba baiskeli humfikisha mtu langoni, haimpitishi. Mjinga hakujua. Alipoulizwa hati alipapasa kifuani, asione kitu. Akafungwa mikono na miguu, akatupwa nje.

Kama mwalimu, Bunyan hakukosea: Mjinga hahukumiwi kwa kutenda mema, bali kwa kuyatoa mema yake mahali pa hati. Lakini kama msanii nadhani alipungukiwa. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulikata ukoo wa Wateso na wa Wasamia vipande viwili, na watu wa huko wajua kwamba arudishwaye langoni si mwovu kila mara. Pengine alikuwa akienda kumzika ndugu yake. Wangemwona Mjinga wakamhurumia. Katika ukurasa ule wa Bunyan hakuna amliliaye, hata Mkristo, ambaye hati yake mwenyewe ilimdondoka usingizini, akarudi nyuma akilia kuitafuta. Ikiwa hati ni kipawa, aliyepewa hana haki ya kumdharau asiye nayo. Na mtu aliyefungwa miaka 12 kwa kukosa idhini alistahili kuliko wote kukumbuka uchungu wa kufungiwa mlango.