Mistari Inaposhikana

Mabamba mawili ya chuma, kila moja na upana wa sentimita mbili na nusu, yameachana milimita moja tu. Katikati kuna kidonge cha polistirini, plastiki ya vikopo vya mtindi, kimeshalainika kwa moto. Bamba moja linazungushwa kidogo huku, kidogo kule, na mashine inapima jinsi plastiki inavyobisha. Mashine hiyo ni riomita. Kwa kila joto inatoa mistari miwili: mmoja wa unyumbufu, mmoja wa mnato.

Fundi ninayemtazama anatikisa kuanzia radiani 0.1 hadi 100 kwa sekunde, basi. Mwendo wa polepole kabisa, ambamo molekuli ndefu hujinasua zilikosokotana, ungemdai karibu saa nzima kwa mtikiso mmoja. Kwa hiyo anapima katika nyuzi 130, 145, 160, 175 na 190 za Selsiasi. Moto hauzipi molekuli hizi tabia mpya, unaziharakisha tu. Kila joto limeleta kipande cha habari ileile. Kilichobaki ni kuviunga.

Programu ina kitufe cha kuunga vyote kwa mara moja. Haanzi nacho. Anaifanya 160 kuwa nanga, anaukamata mstari wa 145 kwa kipanya na kuuvuta kulia kwenye skeli ya logi, taratibu, hadi ukae juu ya mwenzake. Macho yake yako kwenye uwiano wa mnato na unyumbufu, kwa sababu uwiano huo hauyumbishwi na kupanda wala kushuka kwa mistari. Upo pia msogeo wa juu na chini, unaotokana na uzito wa plastiki kwa ujazo na joto lenyewe, lakini ni wa asilimia chache. Anayeuzidisha ili mistari ionekane imeshikana atapata mchoro mzuri wa uongo.

Kila alipovuta, programu imeandika amevuta kiasi gani. Namba hizo, vizidishi vya msogeo, anazipanga kwenye mchoro wa pili: joto chini, logi ya kizidishi pembeni. Mimi huu naupenda kuliko ule wa kwanza. Nukta haziko kwenye mstari ulionyooka. Kushuka nyuzi 30 kutoka 160 kunaupeleka mstari karibu mara 900. Kupanda nyuzi 30 ni mara 50 hivi tu. Hesabu hiyo inatoka kwenye mlinganyo wa Williams, Landel na Ferry wa mwaka 1955, kwa namba zao mashuhuri 17.44 na 51.6, ukianzia nyuzi 100 ambako polistirini hugeuka ngumu kama kioo. Kadiri inavyokaribia hapo, nafasi kati ya molekuli inabana, na kila nyuzi inayopungua inauma zaidi. Namba zile ni za wastani. Yeye anatafuta za plastiki yake.

Polithini ni habari nyingine. Joto lake la kugeuka kioo liko chini sana ya sifuri, hivyo ikiyeyuka inafuata kanuni ya Arrhenius: panga logi dhidi ya kinyume cha joto la kelvini, upate mstari ulionyooka. Mteremko wake unakwambia kama molekuli zina matawi. Zisizo na matawi hudai nishati ya kilojuli 27 hivi kwa moli. Zenye matawi marefu hudai zaidi sana.

Kwenye polistirini ya fundi, nukta ya 190 imekaa chini kidogo ya mkunjo. Kidogo mno, mimi ningeipita. Yeye anarudisha joto 160 na kupima upya kidonge kilekile. Mnato umepungua. Plastiki imekaa motoni muda mrefu ikila hewa, na molekuli zimekatika. Anaifuta nukta, anasafisha mabamba kwa kipande cha shaba wakati bado ya moto, anaweka kidonge kipya na kufungulia naitrojeni.

Saa mbili baadaye nukta imeingia kwenye mkunjo, na 160 ya mwisho inalingana na ya mwanzo. Mchoro mkuu sasa unaanzia radiani 0.002 hadi 90,000 kwa sekunde. Kwenye ncha ya kushoto unyumbufu unashuka hatua mbili kwa kila hatua moja ya kasi, mnato hatua moja, kama inavyopasa kimiminika kilichosahau umbo lake. Anaweka rula kwenye kioo cha kompyuta kuhakiki mteremko, kisha anahifadhi faili.