Marehemu Cecil Taylor na Kinanda Chake

Alipofariki Cecil Taylor huko Brooklyn, tarehe 5 Aprili 2018, akiwa na umri wa miaka 89, Marekani ilimpoteza fundi aliyeigeuza piano, kwa vidole, viganja na viwiko vyake, ikawa ngoma 88, kila moja na sauti yake. Na aliyepata kumsikiliza kwa subira ajua jinsi sauti hizo zilivyojaa kama maji ya bamvua, kisha zikapwa ghafula, zikaacha kimya chenye maana kuliko kelele zote zilizotangulia.

Elimu hakuikosa, kwani alisoma katika chuo cha muziki cha New England, mjini Boston, akawafahamu watunzi Bartók na Stravinsky kama alivyomfahamu Duke Ellington wa jazz. Walakini, hata baada ya santuri yake ya kwanza, Jazz Advance, ya mwaka 1956, wenye vilabu aghalabu walimwepuka, maana muziki wake haukufuata mapigo waliyoyazoea, naye akalazimika kuosha vyombo ili apate riziki. Hapo ndipo ninapomstahi zaidi: dhiki haikumshawishi kuilainisha sanaa yake.

Tena hakuwa pweke, kwa kuwa Jimmy Lyons, mpiga saksafoni, alisuhubiana naye tangu mwanzo wa miaka ya 1960 hadi mauti yalipomchukua Lyons mwaka 1986. Tuzo ya Kyoto ya Japani, ya mwaka 2013, ilimfikia Taylor akiwa shaibu wa miaka 84, na bado alikuwa akipiga, akighani mashairi yake mwenyewe.