Papa Potwe Alazwe Ubavu

Kwa anayechonga wanyama wa mbao kwa mashine ya CNC inayoongozwa na kompyuta, tembo ni mtihani. Mashine za karakana ndogo kwa kawaida zina mihimili mitatu: biti inakwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, basi. Haiwezi kujipinda ikaingia chini ya tumbo, katikati ya miguu. Fundi wa Ndagoni, kisiwani Mafia, ana mnyama rahisi zaidi jirani yake: papa potwe, anayeonekana sana baharini karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Hana miguu wala shingo.

Mapezi anayo, na kazi nzima huamuliwa hapo, kabla mota haijawashwa. Ukimlaza kifudifudi, mapezi ya ubavuni yanatoka vizuri, lakini la mgongoni na mkia husimama wima, vyembamba, vikatetemeka mbele ya biti mpaka vikakatika. Ukimlaza ubavu, mgongo na mkia vinalala salama na tabu inahamia kwenye mapezi ya ubavuni. Mimi ningemlaza ubavu, mapezi hayo mawili niyachonge peke yake kisha niyabandike kwa gundi. Nyuzi za mbao zifuate urefu wa mwili, na kwa kila pezi linalobandikwa zifuate urefu wa pezi lenyewe. La mgongoni litabaki na udhaifu kwenye shina lake, kwa hiyo liachwe nene kidogo.

Wachongaji wa Kikamba, waliofuata njia ya mchongaji Mutisya Munge wa Wamunyu, Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hawana shida hii ya kuchagua namna ya kumlaza mnyama. Gogo liko mkononi, linageuzwa kila tezo inapotaka pembe mpya. Mashine hugeuziwa mbao mara moja tu, na hapo vijiti viwili vya duara, vilivyopita kwenye mbao hadi ubao wa chini, ndivyo vinavyolinda mpangilio. Nusu milimita ikipotea, mgongo unapata mshono unaoonekana kwa macho.

Muda nao unahesabika. Kwa mbao ya milimita 150 kwa 50, biti ya duara ya milimita 3 ikisogea milimita 0.3 kila mpito, inasafiri kama mita 25 kwa ubavu mmoja. Kwa mwendo wa milimita 1,500 kwa dakika, ni dakika 17 hivi. Ukisogeza 0.6, muda unakuwa nusu na matuta yanayobaki kati ya mipito yanafika milimita 0.03 tu, ambayo msasa huyamaliza. Sioni sababu ya kung'ang'ania 0.3.

Mpingo ningeuacha: ni mgumu, unataka mipito mifupi, na biti ikikawia mahali pamoja mbao huungua. Mwarobaini, ambao wachongaji wa pwani ya Kenya wameuzoea, ni laini zaidi. Na una faida nyingine, kwa vile ni wa rangi hafifu kuliko mpingo: madoa ya papa hayahitaji programu wala biti ya ncha, msumari uliopashwa moto utayachoma haraka kuliko mashine, ingawa yatatoka meusi badala ya meupe.