Kikuba, kazi ya usiku mmoja

Aliyekulia Rukuba, au kisiwa chochote cha Ziwa Victoria upande wa Musoma, anaijua heshima ya mkono uliozoea uzi. Mshona nyavu huketi kivulini akaziba matundu jicho kwa jicho, na kazi yake husifiwa kwa kudumu. Huko pwani, Unguja na kupanda hadi Mombasa na Lamu, iko kazi nyingine ya uzi ambayo haitarajiwi kuvuka asubuhi. Nayo ni kutunga kikuba.

Kikuba ni kishada kidogo cha maua na majani yanayonukia. Mwanamke hukichomeka kwenye nywele au hukibana kifuani kwa pini, hasa jioni na penye harusi. Hakina chombo wala maji. Mahitaji yake yanaenea kwenye sinia moja: asumini, rehani, mkadi, waridi kidogo, pengine kilua au langilangi, pamoja na sindano nyembamba na uzi wa pamba.

Kazi yenyewe huanza kabla sindano haijashikwa. Asumini ni ua la usiku, hufunguka jua likizama na kumwaga harufu yake gizani. Mtungaji basi huchuma alasiri, na huchuma matumba, yale meupe yaliyojaa lakini bado yamefumba. Tumba la kijani halitafunguka, na ua lililokwisha kuchanua litapukutika kabla ya usiku kuisha. Tumba hulikata kwa ukucha, kwa mkono mwepesi, maana asumini ikiminywa hugeuka rangi ya kahawia. Akishachuma huyafunika kwa kitambaa chenye unyevu, hasa wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali na maua yakawa mengi.

Ndipo sindano hupita. Tumba moja, kisha jingine, vichwa vikitazama nje, yakikaribiana bila kusongamana, kwa sababu kila moja litahitaji nafasi ya kufunguka. Hapa ndipo ninapomvulia kofia mtungaji: anapanga umbo ambalo bado halijaonekana. Anachokishika mkononi ni safu ya matumba yaliyofumba. Anachokikusudia ni kile kitakachochanua saa mbili baadaye, kikiwa kifuani mwa mtu mwingine.

Uchaguzi wa wenzake asumini nao una hekima yake. Asumini peke yake ni tamu kupita kiasi. Rehani huukata utamu huo kwa ukali wake na kuupa weupe mgongo wa kijani. Mkadi una mti dume na mti jike, na ua linalonukia ni la dume. Hukatwa vipande vyembamba vikaingizwa katikati. Waridi huleta rangi, nalo likizidi huharibu. Mtunga vikuba stadi hujulikana zaidi kwa anachokiacha kwenye sinia.

Maarifa haya yameenea mbali na pwani yetu. Asumini hiyohiyo ndiyo ua la taifa la Ufilipino tangu 1934, na kusini mwa India wanawake huifunga kwa mafundo ya uzi, bila sindano, wakaivaa kichwani. Kila pwani ina mkono wake, ila saa ya kuchuma imewekwa na ua lenyewe.

Anayekaa Rukuba, mbali na vichaka vya asumini, anaweza kuazima kanuni hizi kwa glasi ndogo ya mezani. Achume jioni, jua likipoa. Achukue matumba mawili matatu ya ua lolote la uani, na kijiti kimoja cha kivumbasi kwa ajili ya harufu. Majani yatakayozama ayaondoe, yasiozeshe maji. Kisha aache nafasi, asijaze glasi kwa kuwa tu maua yapo.

Na ukipewa kikuba, kipime hivi. Geuza nyuma: uzi usionekane ovyo. Kitikise kidogo: tumba lisianguke hata moja. Kisha kisogeze puani ujaribu kutaja ua moja tu. Ukimaliza kutaja asumini ukakuta rehani inadai zamu yake, na nyuma yake mkadi, umemlipa mtungaji wako kwa haki.