Igeuze Kwanza

Gulioni Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, muuzaji hodari hukunjua khanga na kuikung'uta mara moja, ikalia kama karatasi. Usitoe hela bado. Kinacholia ni wanga. Sugua pembe kwa vidole: ukiona vumbi jeupe na nyuzi zinaachana, jua ukiifua mara moja utabaki na chandarua.

Sasa igeuze. Khanga huchapwa upande mmoja, lakini kwenye pamba nzuri rangi huzama hadi nyuma. Kama mgongo umepauka huku uso unang'aa, irudishe mezani.

Doti huja vipande viwili ambavyo havijakatwa. Vikunje, mji (sehemu ya kati) juu ya mji, pindo juu ya pindo. Mji ukikaa upande, ukikata utapoteza pindo la kipande kimoja. Jina, yaani maneno yaliyoandikwa, nalo lisomeke vizuri. Herufi zilizovimba ni rangi iliyovuja, hata kama maneno yenyewe ni matamu. Chapa isikutishe. "Mali ya Abdulla" ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara mwaka 1887, ina sifa yake, ila wino wa kuiga chapa ni rahisi kuliko pamba.

Chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huungua ikaacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga. Huku ziwani kwenye joto, poliesta hainywi jasho, na mtoto uliyembeba huteleza mgongoni. Wamatengo wa milimani Mbinga, kwenye baridi, hutaka kitenge kizito. Kitenge cha nta cha kweli hakina mbele wala nyuma, na mishipa midogo ya rangi iliyopenya kwenye nyufa za nta haijirudii sawasawa. Ikijirudia kila ua, ni mashine imeichora.

Ujuzi huu si wa leo. Karne ya 19, misafara ya Kilwa ilipoleta vitambaa vya merikani na kaniki hadi Ziwa Nyasa, kitambaa kilikuwa ndiyo fedha, na nani hukubali fedha bila kuikagua?

Dini haibadilishi kipimo. Doti ile ile hufungwa kiunoni kwenda misa Mbinga na kutandwa ushungi kwenye maulidi. Hata kanzu, ya mtumishi wa altare kanisani Liuli au ya Ijumaa msikitini, mimi huanzia ndani ya shingo, mshono unapojificha.

Muuzaji akikukataza kugeuza, nenda meza ya pili.