Wino na Karatasi: Fomula za Tenzi za Kale na Kazi Yake

Msomaji wa tenzi za kale hachelewi kuona kwamba nyingi hufunguliwa kwa mlango mmoja. Mungu hutajwa, Mtume husaliwa, kisha mtunzi huagiza aletewe wino, karatasi na kalamu apate kuandika habari iliyomo moyoni. Mwishoni hutaja jina lake, huomba radhi kwa makosa, huhesabu beti na kuweka tarehe. Ni rahisi kuzipita sehemu hizi kama apitavyo mgeni ukumbini akielekea chumba cha ndani. Makala haya yanadai kwamba fomula si ukumbi tu: mara nyingine mtunzi husema ndani yake jambo ambalo halisemi mahali pengine popote.

Nadharia inayotumiwa sana kuhusu fomula ni ile ya Milman Parry, iliyotokana na uchunguzi wake wa tungo za Homer na kuendelezwa na Albert Lord katika kitabu cha mwaka 1960. Kwao, fomula ni fungu la maneno linalorudiwa katika mizani ileile kueleza wazo lilelile, nalo ni chombo cha manju atungaye papo kwa papo, hadhira ikimsubiri. Kuihamishia nadharia hii katika tenzi kunakutana na kikwazo ambacho ni kigumu kukikwepa. Fomula mojawapo iliyozoeleka kuliko zote inahusu karatasi! Utenzi uliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ukanakiliwa, kisha ukaghaniwa mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa na nakala mkononi. Fomula zake basi haziwezi kuwa ushahidi wa utungaji usio na maandishi.

Hata umbo lake ni tofauti. Parry alisisitiza ubanifu: kwa kila nafasi ya mizani, usemi mmoja hutosha. Mtunzi wa utenzi hana ubanifu huo, kwa kuwa kinachombana zaidi ni kina. Mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti, kila mmoja wa mizani nane, hushiriki kina kimoja, na wa nne hubeba kina cha bahari. Kwa hiyo kalamu huja mwisho panapotakiwa *-mu*, karatasi panapotakiwa *-si*; na hazina ya Kiarabu humwongezea mtunzi midadi kwa *-di* na waraka kwa *-ka*. Kinachorudiwa ni wazo, maneno yakibadilishana zamu. Sarufi nayo inasaidia. Bahari ya *-ya* huvuta vitenzi vya kutendea hadi mwisho wa ubeti, ndiyo maana kuambiya na kusikiliya vimejaa huko. Kina cha *-ni* hupatikana kwa wepesi kutokana na kiambishi cha mahali na kile cha kuamuru wengi, nayo "kwa yakini", yenye mizani nne, hukaa tayari kukamilisha nusu ya mshororo. Wanaoyaita maneno kama hayo vijazio hawakosei kabisa. Kuna beti ambazo hayafanyi kazi nyingine.

Lakini tuutazame *Utendi wa Mwana Kupona*, uliotungwa mwaka 1858. Kwa kawaida mwenye kuagizwa wino hatajwi; ni kijana au karani fulani, na baada ya beti chache hatumsikii tena. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, anamwita bintiye akae karibu, na ni binti huyo anayeambiwa atwae wino na karatasi. Mama anasema kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka. Hapo agizo la desturi linapata mkono wa kulitimiza na sababu ya kutimizwa haraka. Mwana Hashima anageuka kutoka msikilizaji wa wasia na kuwa mwandishi wake.

Je, hilo linathibitisha kwamba binti alijua kuandika? Fomula peke yake haithibitishi. Lingekuwa kosa kusoma kila wino wa tenzi kama wino wa kweli. Hata hivyo, uteuzi wa mwitwa haukulazimishwa na kina wala mizani. Tena mtunzi anapokaribia kumaliza anawaita wanawake wausome utendi huo waelewe, kisha anaweka tarehe ya 1275 Hijria na idadi ya beti, 102. Hesabu hiyo pia ni desturi, nayo ni kufuli: anayenakili akiongeza au akipunguza, utendi wenyewe utamsuta. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza linalotaja wajibu wa mke. Jina hilo limeelekeza macho ya wasomaji kwenye mume. Dibaji na hitimisho, zile sehemu za mazoea, zinaonyesha maandishi yanayotoka kwa mwanamke, kupitia mwanamke, kwenda kwa wanawake. Maudhui ya utii hayafutiki kwa hilo, ila mazungumzo yanayoyabeba ni mengine.

Nje ya dibaji, fomula hubeba pia matarajio ya mwisho wa kisa. Katika maghazi, tangu *Utendi wa Tambuka* wa Bwana Mwengo, namna ya kusimulia vita ilikomaa pamoja na ahadi kwamba waumini watashinda. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliijua vizuri. Ndiye mtunzi wa *Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani*. Alipotunga habari za Wadachi kuitamalaki Mrima, mwaka 1307 Hijria, alikuwa na bahari ileile na mizani ileile, ila matokeo hayakuwa yake kuyachagua. Abushiri alinyongwa Pangani mnamo Desemba 1889. Msikilizaji aliyelelewa na maghazi alisikia mwendo wa ushindi ukimpeleka kwenye kushindwa, na hakuna neno jipya lililohitajika ili aumie.